Njia ya Viboko wa Kafwa

1.
Donasiani aliuawa saa kumi na mbili asubuhi, mtego wa samaki begani. Kiboko alikuwa anarudi majini. Donasiani alikuwa amesimama kati yake na bwawa.

Basi.

2.
KWA: AFISA WANYAMAPORI WA WILAYA
YAH: MAOMBI YA KUUAWA KWA VIBOKO, BWAWA LA KAFWA
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaomba viboko wote kumi na mmoja wauawe, kwa kuwa wanakula mpunga na wameua mtu.
Sahihi ya kwanza: Skolastika, mjane wa marehemu.

3.
Wakauawa wote. Nyama ikagawiwa, Skolastika akala. Usimhukumu, msomaji. Wewe hukuuona ule mwili.

4.
Vichanja vyake vya kukaushia samaki:
mwaka wa kwanza, kambare na perege, hadi pomoni
mwaka wa pili, perege wa saizi ya kidole
mwaka wa tatu
moshi.

5.
Bombani, wanawake wawili:
"Bwawa limetakata siku hizi, unaona mpaka chini."
"Na huko chini unaona nini?"
"Mchanga."

6.
Perusi, bibi uvuvi wa kata, alimpeleka Skolastika ukingoni mwa bwawa, akang'oa jani la nyasi.

"Mama, nguvu ya jua imo humu. Lakini samaki hatoki majini kuja kula nyasi. Kiboko ndiye aliyekula nyasi huku juu, akaenda kunya bwawani. Mavi yale yakalisha vidudu, vidudu vikalisha perege, perege wakalisha kambare."

"Na kambare wakanilisha mimi."

"Ndiyo, mama."

Skolastika alilichukua lile jani.

"Kwa hiyo aliyeniulia mume ndiye aliyekuwa akinilisha."

"Yote mawili ni kweli, mama."

7.
TANGAZO
Viboko wawili, jike na ndama, wameonekana Kafwa. Wananchi wote mnatakiwa mkutanoni Jumamosi, saa nne asubuhi. Ajenda: maombi ya kuwaua.

8.
Ijumaa Skolastika alishika jembe, akaenda kwenye mpunga wake wa ukingoni. Hapo ndipo viboko walipokuwa wakipita tangu enzi za mababu. Yeye na Donasiani walipalima mwaka mmoja kabla ya msiba. Jambo hilo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu.

Aling'oa mpunga mstari kwa mstari. Shemeji yake Melkiori akamkuta.

"Shemeji, unang'oa chakula?"

"Nafungua njia yao. Tuliiziba sisi."

"Na wakiua mwingine?"

Jembe likasimama.

"Wanaweza," akasema. "Ndiyo maana nataka tujue wanapopita, tusisimame hapo."

9.
Mkutanoni mwenyekiti alimsogezea karatasi na kalamu. Skolastika akainuka, mikono nyuma.

"Sitasaini. Shambani kwangu njia iko wazi tangu jana. Bila wao bwawa ni maji matupu, na maji matupu hayalishi watoto. Nani mwingine ana shamba ukingoni?"



Wanne wenye mashamba ukingoni waliangalia chini. Skolastika hakuketi.

Upande wa wanaume, Melkiori akasimama, akavua kofia.

"Langu limepakana na lake," akaanza. "Na mimi kesho nang'oa mpunga wangu, njia ipite."