Taa Aliyoing'oa Kalumba

Wenye tai walihutubia redioni kwamba Wakasai warudi kwao Kasai, kisha wakalala kwenye nyumba zenye walinzi. Sisi wa Musonoi, mtaa wa Kolwezi, tulibaki na matokeo. Msiniambie nisahau. Mwaka wa tisini na tatu ninao mzima kichwani, na unaanzia chini ya Opel ya Kalumba.

Opel ile ilitoka Ubelgiji. Mdomo wa tangi lake ulifanywa mwembamba makusudi, ukatae bomba la esansi, yaani petroli, yenye madini ya risasi. Lakini Kolwezi ya siku zile, bomba lilikuwa wapi? Kalumba alinunua esansi ya bidoni barabarani, akaimimina kwa chupa iliyokatwa kitako. Ikaingia tu. Baadaye taa ya injini ikawaka manjano, na gari likaanza kupanda mlima kama mwenye pumu.

Jirani yake Kazadi, fundi, mtoto wa Wakasai aliyezaliwa papa hapa, akalala chini ya gari, akagonga lile kopo la kusafisha moshi, akasikiliza.

"Tata Kalumba, hii kopo imeziba. Risasi ya esansi imeiua. Moshi haina njia. Mi naikata, naweka bomba tupu."

Vijana walikuwa wamesimama uani. "Eh, Tata! Unaachia kilulu akate gari yako? Kesho atakata shingo!" Kilulu, yaani mdudu: ndivyo walivyofundishwa kuwaita majirani.

Kalumba hakucheka. Lakini alisema, "Acha kwanza, Kazadi. Tutaona."

Kazadi alipoondoka, Kalumba alifungua dashibodi, akang'oa balbu ya ile taa. Taa haikumsumbua tena.

Kisha karakana ya Kazadi ikavunjwa na wale vijana. Funguo za bolti, msumeno, jeki, vyote vilibebwa mchana kweupe. Wakasai wakasukumwa hadi gare, kituo cha treni, wakalala chini wakingoja treni isiyokuja, na kuhara kukaanza kuua. Mama yake Kazadi, Mbelu, mwenye miguu iliyovimba, asingeweza kuvumilia pale. Binti yake Tshibola alikuwa ameolewa na Mlunda, mtu wa kabila la wenyeji, katika mji wa Kasaji; huko angefichwa.

Kalumba akaja gare mwenyewe na Opel.

"Mama, ingia. Mi nakufikisha."

"Leo umekumbuka majirani?" Mbelu akamjibu. Lakini akaingia, na Kazadi pamoja naye.

Kwenye mlima wa kutoka mjini Opel ikakohoa, ikazimika. Ikawaka, ikazimika tena. Kazadi akajitupa chini yake. Bomba lilikuwa jekundu kwa moto.

"Unipe ufunguo! Nafungua bolti, kopo inaanguka, tunaenda."

Kalumba akapekua buti yote.

"Hauna hata moja?"

"Funguo zote nilikuwa naazima kwako."

Chini ya mlima nyimbo za vijana zilikuwa zinakaribia. Wakamweka mama kwenye baiskeli ya muuza makaa, Kazadi akaisukuma kupitia majanini kurudi gare. Kalumba akataka kufuata.

"Baki na gari yako, Tata," Kazadi akasema, bila hasira. Afadhali angetukana.

Mbelu alifia gare, kabla ya treni kuja. Kazadi akapanda treni kwenda Kasai bila yeye.

Kalumba aliazima msumeno, akakata kopo. Ndani lilijaa kitu kama jivu lililoganda. Akaweka bomba tupu. Opel ikaupanda ule mlima kwa kelele, haikukohoa hata kidogo, hadi Kasaji.

Tshibola, aliyekuwa akimngoja mama yake, aliisikia kutoka mbali. Alitoka mbio, mikono ina unga, akafungua mlango wa nyuma.