Matundu Manne Katika Ubao wa Ekke

Ottmar Pohlenz alikuwa mwongo. Mji mzima wa Lauterbrück ulilijua hilo, na hakuna aliyemchukia kwa sababu hiyo. Alikuwa fundi bomba mstaafu wa miaka sabini na moja, tumbo mbele, masharubu kama brashi ya kusugulia sufuria, na uongo wake haukuwa wa kumdhulumu mtu. Ulikuwa wa kuchangamsha baraza. Aliwahi kuapa kwamba kunguru alimnyakulia kichwa cha treni yake ndogo ya mfano dirishani, akaruka nacho mpaka juu ya paa la kanisa, na kwamba kile kichwa kiliteremka chenyewe kwa kufuata mfereji wa maji ya mvua, kikarudi nyumbani jioni ile ile kikivuta mabehewa mawili ambayo hayakuwa yake.

Watu wakianza kuguna, Ottmar alinyoosha kidole pembeni bila hata kugeuka. "Mwulizeni Ekke."

Ekke ndiye Eckehard Lohse, mpeleka barua mstaafu, mrefu na mkavu kama ngazi, mwenye uso ambao haukujua kudanganya hata kwenye karata. Alitikisa kichwa polepole na kusema, "Ni kweli. Nilikuwepo."

Hapo basi uongo ulipata miguu ukasimama.

Wawili hao walikuwa na stesheni. Ilikuwa ile ya Steinlauter, ya utotoni mwao, kabla reli haijang'olewa. Waliijenga upya kwa umbo la mfano, dogo mara themanini na saba kuliko ile ya kweli, kwa mbao, karatasi ngumu na risasi ya kulehemia, na waliijenga kwa nusu mbili. Nusu ya magharibi, yenye banda la vichwa vya treni, mnara wa maji na choo cha abiria, ilikaa katika chumba cha chini ya nyumba ya Ottmar. Nusu ya mashariki, yenye ghala la mizigo na jukwaa la kupakilia viazi, ilikaa darini kwa Ekke. Kila nusu ilikuwa na mita tatu.

Kila Novemba watu wa treni ndogo wa mkoa mzima walikusanyika katika ukumbi wa michezo, wakaunganisha mbao zao kuwa reli moja ndefu inayozunguka ukumbi, na kuendesha treni kwa ratiba kama shirika la kweli. Ili mbao za watu wasiofahamiana ziweze kushikana, ubao wa mwisho wa kila mmoja hutobolewa matundu manne ya skrubu mahali pale pale. Wote walifanya hivyo, isipokuwa wawili.

Miaka ishirini na miwili iliyopita ilipigwa kura kuhusu mahali pa matundu hayo. Ottmar na Ekke walitaka yawe milimita nane juu zaidi. Wakashindwa, kura thelathini na moja kwa mbili. Ottmar alipanda juu ya kiti akaapa mbele ya watu, "Mkono huu ukauke kabla haujatoboa tundu la kura!" Akaenda nyumbani, akakereza pini tatu za shaba, akatoboa matundu matatu yaliyopangwa kwa pembetatu katika ubao wake wa ndani, ule unaokutana na nusu ya Ekke, na Ekke akafanya vivyo hivyo. Tangu hapo nusu zao ziliingiana zenyewe kwa zenyewe, na kwingine kokote zilikuwa ukuta. Treni ilitoka magharibi, ikaenda mita sita, ikafika mashariki, ikapumua, ikarudi. Wenzao waliiita kona yao Jamhuri ya Mita Sita. Ottmar aliitengenezea jamhuri hiyo bendera na stempu.

Mwaka huo, mwanzoni mwa Oktoba, Ekke aliileta nusu yake kwa tela.

"Mota ya kugeuzia reli imekufa," alisema. "Inanguruma tu, haigeuzi kitu."

"Kama wewe tu. Umeilisha nini?"

"Acha mzaha, bwana. Nitaipitia Ijumaa. Jumamosi sipo, nakwenda kwenye mabwawa ya maji moto. Mgongo tena."

"Mara ya nne mwaka huu! Utaota magamba."

"Daktari kasema."

Roswitha, mke wa Ottmar, alikuwa amekwisha kata keki ya plamu. "Kaa basi unywe kahawa, shemeji."

"Siku nyingine, shemeji," alisema Ekke, akaondoka bila kugusa keki, jambo ambalo Ottmar angepaswa kulishuku papo hapo.

Mota haikuwa na ugonjwa. Waya mmoja ulikuwa umeachia, akaulehemu kabla chuma hakijapata moto vizuri. Kisha akachukua kitambaa afute vumbi kwenye ubao wa nje wa nusu ile, ule wa mwisho kabisa wa mashariki, ambao kwa miaka yote haukuunganishwa na chochote. Kidole gumba chake kilipita mahali palipoteleza kuliko kwingine. Kikapita pengine. Panne kwa jumla. Macho hayakuona kitu, maana rangi nyeusi ilikuwa imepakwa na mtu mwenye subira, lakini gumba lililotafuta nyufa za mabomba kwa miaka arobaini huwezi kulidanganya kwa rangi. Akasukuma kwa msumari. Kizibo cha mbao kikaanguka, kikafuatiwa na vingine vitatu.

Akapima. Yalikuwa matundu ya kura, hata nusu milimita haikupungua.

Alijaribu kumtetea. Labda Ekke alitaka kutundika ubao ukutani. Labda ni panya, panya mwenye keekee. Akafungua paa la ghala la mizigo aangalie taa, na ndani, chini ya magunia madogo, akakuta kikaratasi cha mzigo, kile wanachopeana waendeshaji kwenye mikusanyiko ili kila behewa lijue linakokwenda. Kiliandikwa kwa mwandiko wa Ekke, mnyoofu kama anwani kwenye bahasha: Viazi, magunia arobaini. Kutoka Steinlauter. Kwenda Brunnsheide. 14 Machi.

Brunnsheide ilikuwa stesheni ya watu wa matundu ya kura, ambao miezi mingine hukutana katika miji mingine. Tarehe 14 Machi Ekke alikuwa kwenye maji moto na mgongo wake. Ottmar alikumbuka vizuri, kwa sababu alimwazima taulo.

Roswitha alishuka akamkuta amekaa juu ya ndoo. "Una nini? Umekaa kama mtu aliyefumania."

"Matundu manne, Rosi. Amekuwa akienda huko kwa watu. Stesheni yetu imeuza viazi Brunnsheide, na mimi sikuwepo."

Roswitha alicheka, kisha akamtazama usoni akaacha. "Mwulize."

"Nikimwuliza atajibu. Sitaki ajibu, nataka aseme. Akisema mwenyewe, yamekwisha. Asiposema…"

Siku mbili za kwanza alikuwa na mawazo mabaya. Aliigeuza mota nyaya ili kila treni itakayotoka Brunnsheide itumbukie kwenye shimo la choo. Aliijaribu mara tatu, akacheka mara tatu, akarudisha nyaya mahali pake, na vile vizibo vinne pia. Siku ya tatu akaisogeza nusu yake mwenyewe chini ya taa, akashika keekee, akatoboa. Manne, kwenye ubao wa nje wa magharibi. Mkono haukukauka. Kama nusu zote mbili zina matundu kwa nje, stesheni nzima inaweza kusimama katikati ya reli kubwa, na treni ikapita kutoka duniani ikarudi duniani. Akayafunika kwa utepe mweusi. Ekke akishasema, atauvuta utepe ule na kumwambia, "Na mimi pia, mjinga wee!" Alimwona Ekke atakavyoshangaa na kidevu chake kile cha ngazi, akacheka peke yake mpaka Roswitha akagonga sakafu kwa mguu kutoka juu.

Jumamosi ya mkusanyiko wa Novemba walifunga jamhuri yao konani, pini moja, mbili, tatu. Ottmar alimpa nafasi ya kwanza ya kusema kabla hata ya kahawa.

"Mgongo vipi?"

"Afadhali. Maji yale yananisaidia."

"Ya moto?"

"Ya moto."

Ya pili akampa mchana, wakila soseji kwa saladi ya viazi. "Viazi vya mwaka huu unavionaje?"

Ekke aliacha kutafuna. "Viazi gani?"

"Hivi vya saladi, bwana. Kuna vingine?"

"Vizuri tu," alisema Ekke, akiitazama sahani.

Ya tatu alimpa bila maneno. Alimpa muda. Ukumbini kuna saa kubwa ya ratiba inayokimbia mara nne kuliko saa za kawaida, na Ottmar aliitazama ikila saa nzima, na nyingine, na ya tatu. Ekke alipangusa reli zilizokwisha pangusika. Kisha watazamaji wakafika, wakajaa mbele ya kona yao kama kawaida, wakidai hadithi.

"Haya," alisema Ottmar. "Palikuwa na mpeleka barua mwenye mgongo mbovu. Daktari akampeleka kwenye maji moto. Akaenda mara nne, na kila mara alirudi na taulo kavu kuliko alivyoondoka nalo! Mhudumu wa mabwawa hakuwahi kumwona. Mnajua alikuwa wapi? Alikuwa anavuta nusu ya kijiji kwa tela, anakwenda kuuza viazi ugenini. Magunia arobaini! Na ile nusu nyingine ya kijiji, maskini, hawakuambiwa. Bwana stesheni alisimama na bendera yake akingojea treni mpaka mkono ukaota ukungu. Abiria walioingia chooni Machi wametoka Oktoba, wakauliza, jamani, mashariki iko wapi?"

Watu walikuwa wanashikana mabega kwa kicheko.

"Mnaona natia chumvi?" Kidole chake kikanyooka pembeni. Safari hii aligeuka. "Mwulizeni Ekke."

Ekke alikuwa mweupe kama karatasi.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwepo."

Wakapiga makofi. Hawakuwahi kumsikia akiisema vizuri hivyo. Watazamaji walipotawanyika Ekke akasogea.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mota."

"Na hukusema?"

"Mimi ndiye wa kusema?"

"Ottmar, miaka ishirini na miwili treni yetu inakwenda mita sita na kurudi. Nilitaka niione inafika mahali. Nilijiambia mara moja tu."

"Mara nne."

"Mara nne. Ningekwambiaje? Uliapa juu ya kiti. Ungenigeuza hadithi."

Ottmar alikuwa amekwisha kumgeuza.

Na hapo ndipo alipofika Bi Stöcker, msimamizi wa ratiba, na penseli sikioni. "Bwana Lohse, wenzetu wawili wamekwama njiani na nina pengo kwenye reli ya Brunnsheide. Umekuja na kile kipande chako?"

"Kipande gani?" aliuliza Ottmar.

Ekke alikwenda kwenye gari, akarudi na kiubao kifupi kimefungwa kwenye taulo, na taulo lilikuwa la Ottmar. Sentimita arobaini: uzio, vichaka viwili, reli inayopotea nyuma ya miti. Upande mmoja kilikuwa na matundu manne ya kura. Upande wa pili, matatu ya pembetatu, na ndani yake pini za shaba. Ottmar alizijua. Mwaka uliopita Ekke alimwomba seti ya akiba, zile za kwanza zisije zikapotea, na Ottmar akamkerezea kwa furaha, akazing'arisha moja moja.

Banda, mnara wa maji, choo, miaka ishirini na miwili. Nafasi ya yote hayo ilikuwa imechukuliwa na vichaka viwili, na pini alizitengeneza yeye.

"Toboa na wewe," Ekke alisema kwa sauti ya chini. "Bi Stöcker ana keekee. Dakika kumi tu, tunaingia sote. Nakuomba."

Ottmar alikuwa ameegemea ubao wake wa nje. Utepe aliuhisi mgongoni, kupitia shati.

"Nusu yangu haina matundu," alisema, "wala haitakuwa nayo."

Ulikuwa uongo wa kwanza maishani mwake ambao hakuutia chumvi.

Alizichomoa mwenyewe pini zilizoshika nusu zao mbili, moja, mbili, tatu, akazitia mfukoni. Ekke akashika nusu yake upande mmoja na Bi Stöcker upande mwingine, wakaipeleka upande wa pili wa ukumbi. Baada ya muda Ottmar alisikia mbao zikishikana, halafu makofi, halafu treni ndefu ikipita juu ya maungio, tak-tak, tak-tak, bila kusimama.

Mwanamke mmoja mwenye skafu nyekundu aliinama kuutazama mnara wa maji. "Stesheni nzuri. Na hiki kichwa cha treni?"

"Hicho?" Ottmar alijikohoza. "Hicho kiliwahi kunyakuliwa na kunguru." Akamsimulia paa, mfereji na yale mabehewa mawili, na mwanamke akacheka mpaka akafuta macho.

"Haiwezekani!"

Kidole cha Ottmar kilikwisha nyooka pembeni kabla hajakikumbuka. Mwanamke akakifuata kwa macho, akaona ukuta na bendera ya jamhuri.

"Kwani kuna mtu alikuwepo?" aliuliza, bado anacheka.

Ottmar alikirudisha kidole mfukoni, kwenye pini.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa peke yangu."