Kizingiti cha Nyumba ya Abner

Huko Burma, Ondieki aliingia mashimo ya Wajapani bila kubisha hodi. Aliyasimulia hayo kila alipoonja pombe, na kwa kuwa alikuwa Msabato alionja kwa siri, kwa hiyo Ekerenyo yote ilijua. Aliporudi kutoka keya, jeshi la Waingereza, akaingia polisi, akawa koplo.

Nyanchera, mke wa mwanawe Abner, hakuwahi kumwona uso vizuri. Mkamwana na baba mkwe hawakodoleani macho, na baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Koplo akitaka maji, alisimama kwenye migomba akakohoa.

Alasiri moja ya soko, mwaka wa 1968, Nyanchera alikuwa akikoroga uji wa wimbi, mtoto amelala kitandani, Onchiri alipojitupa ndani na panga linalodondosha damu. Alikuwa amemwibia Farah mwenye duka na kumkata shingoni, akakimbia kupitia mashamba ya chai, filimbi ya polisi nyuma yake. Onchiri alikulia boma la jirani. Aliujua mwiko wa koplo, na nyumba ile aliichagua.

Akamkamata Nyanchera nywele, akamwekea panga kooni.

Koplo akafika kizingitini na bunduki, akasimama kama aliyegonga ukuta.

"Mwachilie mkamwana wangu, Onchiri. Toka nje tuongee."

"Karibu ndani, mzee," Onchiri akacheka. "Si ni kwa mwanao? Au nikutengee kiti?"

Panga likauma. Damu ikamteremka Nyanchera hadi kifuani, na mtoto akaanza kulia. Kupiga risasi kutoka mlangoni hakukuwezekana. Kichwa cha Nyanchera na cha mwizi vilikuwa vimegusana.

"Baba," akasema, akimtazama machoni kwa mara ya kwanza. "Ingia."

Koplo akainua mguu. Akaurudisha. Akauinua tena, ukavuka, lakini macho ameyainamisha chini, kama mtu aliyekosea akafungua bafu la wanawake.

Onchiri hakuwa na aibu hiyo. Alimsukuma Nyanchera kando, panga likamshukia koplo kati ya shingo na bega. Bunduki ikalipukia paani. Panga likashuka tena, mfupa ukalia.

Nyanchera akaikwapua sufuria ya uji unaotokota, akammwagia Onchiri usoni. Alipopiga yowe, akamponda kwa jiwe la kusagia mpaka yowe likakoma, halafu akaongeza kidogo, kwa niaba ya Farah.

Majirani walimkuta koplo angali anahema, kichwa ndani, miguu nje.

"Mvuteni nje haraka," akasema Thadeus, ndugu yake mdogo. "Asifie nyumbani kwa mwanawe. Ni aibu."

Nyanchera akainua uso, damu mpaka kwenye kope.

"Atakayemvuta nje, nitampikia uji."

Hakuna aliyesema ana njaa. Akamvuta yeye mwenyewe, ndani kabisa, pamoja na viatu vyake vya serikali, akakipakata kichwa chake mpaka pumzi ilipokatika.