Mchanga Uliochekechwa

Bundala wa Nkoma alikufa akiwa Mwislamu wa wiki tatu. Shahada aliitamkia Bariadi mjini, alikokwenda kufanya kibarua cha kushindilia pamba kiwandani. Akarudi nyumbani na kofia mpya na homa, na homa haikumpa nafasi. Hata rakaa moja alikuwa hajajifunza. Mkewe, Ng'washi, alikaa naye siku tatu akimpangusa jasho, na katika maneno mengi aliyoweweseka, moja lilitoka limenyooka: "Jifunze wewe, uniombee."

Mtu mwingine angesema hiyo ni homa inaongea, akamzika mumewe na kurudi zake kanisani kwa wazazi. Ng'washi hakuwa mtu wa namna hiyo. Akikuahidi kibaba cha mtama Jumatatu, Jumatatu utakiona. Ndugu zake walicheka, wakanuna, wakachoka. Yeye akatamka shahada yake na kuanza kuulizia nani wa kumfundisha kuswali. Kitu alichokitaka sasa hapa duniani kilikuwa kimoja tu: dua yake kwa Bundala ifike.

Mwalimu alijileta mwenyewe, juu ya gari la mitumba. Miaka hiyo soko huria lilikuwa limeingia Usukumani kwa kishindo. Chama cha ushirika, kilichozoea kununua pamba peke yake, kilikuwa kimelala usingizi wa pono, na wanunuzi binafsi wakaja na magari yao, mizani zao na kalamu zao. Nyuma yao zikaja nguo za mitumba, redio za betri na sabuni za kila rangi. Bi Shija alikuja na msafara huo. Alikuwa Msukuma wa Bariadi mjini, Mwislamu tangu kwa babu yake, mjane wa miaka hamsini na ushei. Kila Jumatano alitandika nguo zake gulioni Nkoma, na jioni akalala kwa Ng'washi, maana nyumba ya mjane haina wa kununa.

Somo la kwanza lilikuwa kichekesho. Ng'washi aliambiwa asimame kuelekea kwa Mungu, naye bila kuuliza akageukia mawio. Babu yake alikuwa akitoka alfajiri na maji mdomoni, akiyapuliza kulielekea jua linalochomoza na kuwaombea amani watoto na ng'ombe wake. Kwa Ng'washi, Mungu alikaa upande huo, hakukuwa na mjadala. Bi Shija akamshika mabega, akamgeuza kaskazini, usawa wa zizi.

"Huku, mwanangu. Jua tuliache lichomoze lenyewe."

Maneno hayakumsumbua. Alikuwa ameimba kwaya tangu utotoni na kichwa chake kilishika upesi. Baada ya miezi miwili alikuwa na Fatiha yote, na rukuu, na sijda, na tahiyatu yenye urefu wa kumtoa mtu jasho. Lakini kadiri alivyojua kusoma ndivyo hofu ilivyomwingia.

"Mayo," alimwambia Bi Shija siku moja, kwa ile heshima ya kumwita mama, "mimi nasema nini? Kama sijui ninachosema, huko juu watajuaje kwamba nimemtaja Bundala?"

"Mungu alikijua Kisukuma kabla ya babu yako."

"Basi mimi ndiye sijui. Niambie maana."

Bi Shija alitaka kucheka, akautazama uso wa mwanafunzi wake, akaacha. Kuanzia hapo wakawa wanasoma maana moja kwa kila gulio, isizidi.

Ndipo ikaanza ile miezi ambayo Ng'washi, akiikumbuka baadaye, aliiona kama ukungu wa asubuhi uliosahau kuondoka. Alipewa neno moja Jumatano, akaenda nalo shambani wiki nzima. Wiki ya "Mlezi wa viumbe vyote" alisimama katikati ya mistari ya pamba akiwatazama funza waliotoboa vitumba vyake, akawaza kwamba hata hawa wana mlezi, na ni yuleyule, na akashindwa kuamua kama achukie au afurahi. Wiki ya "Mwenye siku ya malipo" hakula vizuri. Wiki ya "Mungu humsikia anayemsifu" jembe lilikuwa jepesi. Palizi ilikwenda yenyewe, na mara kwa mara alinyanyuka, akanyoosha mgongo na kusikiliza, kana kwamba mtu ameitikia kutoka upande wa pili wa shamba. Watoto wa jirani wakaanza kusema mama Ng'washi anaongea na pamba. Labda alikuwa anaongea nayo kweli.

Mchana mmoja alilala kivulini mwa ghala. Akamwona Bundala amesimama ndani ya pamba iliyopasuka, nyeupe mpaka kifuani, akiwa amempa mgongo. Ng'washi akaita. Sauti yake ilitoka vizuri, ikaenda hatua chache, ikadondoka chini, na Bundala hakugeuka. Akaamka. Akalia waziwazi, mchana kweupe, bila kujali kuku.

"Haifiki," alimwambia Bi Shija Jumatano iliyofuata.

"Unamwombea nini?"

"Apumzike."

"Apumzike na nini?"

Bundala alikuwa mume mwema, hakumpiga, hakumnyima. Apumzike na nini? Ng'washi alilibeba swali hilo zaidi kuliko alivyowahi kubeba maana yoyote.

Msimu wa kuuza ukafika na kiangazi chake. Mto ukabaki mchanga mtupu, na wanawake wakawa wanachimba visima vya mkono humohumo mtoni ili kupata ndoo mbili. Magunia matano ya pamba yalisimama ndani ya nyumba ya Ng'washi, yameshonwa, yakingoja gari la mnunuzi lililotangazwa kufika Alhamisi. Jumatano ile Bi Shija alitoka gulioni amepakwa vumbi, akaomba maji ya udhu, maana wakati wa alasiri ulikuwa unakwenda.

"Ng'ombe wameingia kisimani, mayo. Yamekuwa tope. Nimebaki na jagi la kunywa tu."

"Ya kunywa tuyanywe. Leo utajifunza udhu wa mtu asiye na maji. Niletee udongo safi, wenye vumbi, usiokanyagwa na mifugo."

Kwenye boma la Msukuma, udongo usiokanyagwa na mifugo unautoa wapi? Ng'washi alizunguka uani, akaona mbolea ya mbuzi kila mahali. Kisha akaingia ndani, akatoka na karai. Humo mlikuwa na mchanga laini mno, umechekechwa, hauna kijiti wala kokoto, na ukiugusa vumbi linapanda.

"Mashaallah!" Bi Shija akafurahi kwelikweli. "Tazama ulivyo msafi! Haya, nia kwanza. Kisha hivi."

Akapiga viganja kwenye mchanga, akapuliza kidogo, akajipangusa uso taratibu, kutoka paji hadi kidevu. Akapiga tena, akapangusa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Alipomaliza akasogeza karai kwa Ng'washi, na uso wake ulikuwa umepauka kwa vumbi, umetulia, tayari kwa Mola wake.

Ng'washi aliutazama uso ule, mikono yake ikakataa kunyanyuka.

Mchanga ule ulikuwa wa pamba. Kila msimu, tangu wanunuzi binafsi waanze kuja, yeye na Bundala waliutoa mtoni, wakauchekecha, wakaunyunyiza katikati ya matabaka ya pamba, kiganja kwa kiganja, ili gunia lilale zito kwenye mizani. Bundala ndiye aliyegundua kwamba lazima uchekechwe. Mchanga mnene hudondoka karani anapokung'uta pamba, mlaini hung'ang'ania nyuzi. Nkoma nzima walifanya hivyo, wengine kwa mchanga, wengine kwa maji. Hakuna aliyeuita wizi. Waliuita kusawazisha, kwa sababu mizani ya mnunuzi ilipunja. Na siku zote hizo Ng'washi alikuwa akiswali mara tano kwa siku ndani ya nyumba yenye karai lile nyuma ya mlango.

"Mayo," akasema, "huo mchanga mimi nauweka kwenye pamba. Magunia yale matano yanao. Umejipaka usoni dhambi yangu."

Bi Shija alikaa vilevile, viganja vimefunguka mapajani, macho yakiwa kwenye karai. Kuku akapita, akarudi. Ng'washi alingoja kugombezwa na alitamani agombezwe.

"Mchanga haujakosa kitu," Bi Shija akasema hatimaye, polepole mno. "Ni safi. Piga mikono, tuswali."

Waliswali. Ng'washi alifika kwenye "Tuongoze njia iliyonyooka", maana aliyoipenda kuliko zote, aliyoiimba shambani wiki mbili. Magunia matano yalikuwa nyuma ya ukuta, hatua nne. Akanyamaza hapohapo katikati ya aya, na Bi Shija akamngoja, na mwisho Ng'washi akaimaliza kwa kunong'ona.

Kulipokucha alikata nyuzi za gunia la kwanza.

Walitandaza maturubai uani, wakaanza kukung'uta, bumba kwa bumba. Bi Shija alifunga khanga kiunoni akafanya kazi bila kuambiwa. Pamba ilipaa kidogo kila waliporusha, ikatua. Mchanga ukadondoka kwa sauti ndogo, kama ya mvua inayojaribu. Jua lilipochanganya, ua wote ulikuwa mweupe na wao wawili walikuwa weupe, na Ng'washi akahisi yuko ndani ya ile ndoto ya mchana, ila safari hii mikono ilikuwa inauma.

Mahona alifika na mkokoteni wa ng'ombe kuchukua magunia. Alikuwa mdogo wake Bundala, mtu mwema mwenye mdomo mkubwa. Alisimama langoni, akashindwa hata kusalimia.

"Shemeji! Umerogwa? Gari liko kituoni linapima!"

"Natoa mchanga, shemeji."

"Mchanga wa nani? Kila mtu anao! Wale mizani yao inatuibia mchana kweupe, sisi tunajirudishia chetu. Wewe ukiipeleka pamba nyeupe hivyo, unadhani watakupa zawadi? Watakuibia tu kama jana. Niambie, dhambi iko wapi hapo?"

Ng'washi aliyaona maneno hayo yana ukweli, na hilo ndilo lililomuumiza. Alitazama upande wa Bi Shija apate msaada. Bi Shija alikuwa ameinama, amejificha uso ndani ya bumba la pamba, anakung'uta kwa nguvu.

"Sijui dhambi yao, shemeji," Ng'washi akasema. "Naijua hii. Na kaka yako ndiye tuliyechekecha naye. Wewe nenda, usichelewe."

Mahona alimtazama, akatazama ua uliojaa pamba, akaguna. Mkokoteni ukaondoka ukilia magurudumu. Adhuhuri gari la mnunuzi lilipita barabarani limejaa, likipiga honi kwa wale waliouza, na vumbi lake likachelewa kutulia. Jingine lingekuja lini, hakuna aliyejua. Kile kilichotoka kwenye magunia matano hakikujaza hata karai moja.

Maji yalikuwa yamechimbuliwa upya mtoni, ndoo moja. Wakatawadha, wakaswali adhuhuri pembeni ya pamba. Ng'washi alikaa sijdani mpaka mwalimu wake akadhani amesinzia. Walipomaliza akainua mikono, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuswali hakutafuta la kusema.

"Mola wangu, Bundala alichekecha mchanga. Mimi nilishika karai. Tuliuza pamba hiyo misimu mitatu na tukala. Yeye alikuja kwako nayo shingoni, na hakuna aliyekutajia kwa niaba yake. Nakutajia mimi. Msamehe. Na mimi nisamehe."

Kifua chake kilifunguka, akajua bila kuambiwa na mtu kwamba imefika. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Amina," akasema Bi Shija. Lakini mikono yake haikushuka. Ilibaki hewani, na vumbi la pamba lilikuwa kwenye kope zake.

"Ng'washi. Marehemu mume wangu alikuwa karani wa mizani. Alipima hapahapa Nkoma, msimu ule wa kwanza wa soko huria. Mizani yake ilikula kilo tano kwa kila gunia, na mimi nilizila. Nilijua. Miaka yote hii namwombea pepo, nakufundisha wewe maana, na hilo sijawahi kulitaja. Nikifungua mdomo haliji."

Ng'washi alimkumbuka mara moja, yule karani mnene mwenye kalamu sikioni, aliyewasukuma kando na gunia lao akimwita anayefuata. Alikumbuka Bundala akirudi nyumbani siku ile, na kesho yake akishuka mtoni na karai. Hasira ikampanda mpaka masikioni. Akamtazama mwanamke aliyekaa mbele yake, mikono juu, mdomo wazi.

"Jina lake nani, mayo?"

"Masalu."

Ng'washi akapangusa uso wake kwa khanga, akasogea karibu mpaka magoti yao yakagusana, akainua tena mikono, akaanza.