Kibandani Hatupazi Sauti

Kibandani, pale ufukweni tunapojificha kuhesabu ndege, tuna sheria moja tu: hakuna kupaza sauti. Ndege wanaorudi kutoka mbali wanahitaji kula na kupumzika, na ukikohoa vibaya kundi zima linaruka, hesabu ya asubuhi inaharibika. Mimi ndiye niliyeibandika sheria hiyo mlangoni miaka kumi na tisa iliyopita, na nimewahi kumtimua mwalimu mkuu mstaafu kwa chafya mbili. Shauri yake.

Shemeji yangu, mume wa dada, anafundisha udereva. Wiki nzima anawafokea watu breki, breki, lakini kila Jumamosi ya majira ya machipuko alikuwa anakaa kando yangu ametulia kama maji mtungini. Nilimpenda kwa hilo.

Asubuhi ile maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali. Katika kuhesabu nilikuwa nimefika vitwitwi mia nne na kumi, wale ndege wadogo wa topeni, shemeji aliponigusa bega. Ng'ambo ya tope, pale mashamba yanapoanza, wavu mwembamba ulikuwa umefungwa baina ya miti miwili. Ndege kama thelathini walining'inia humo kwa mabawa. Wengine walikuwa bado wanapapatika.

"Nakwenda kuukata," alinong'ona.

"Wenyewe wakitokea je?"

"Nitawaonyesha gia ya kurudi nyuma."

Akavua viatu, akachukua kisu changu cha matunda, akaingia topeni.

Nilimfuata kwa darubini. Alikuwa amekata nusu ya wavu, amepiga magoti akimfungua mguu ndege mmoja, sululu mwenye mdomo mrefu, wenye wavu walipotokea kwenye majani nyuma yake. Walikuwa wawili. Yule mnene alikuwa na gongo mkononi. Nilikuwa na muda. Nataka ieleweke hivyo: nilikuwa na muda wa kutosha, walikuwa bado hatua kumi na tano hivi kumfikia. Nikafungua mdomo, nikanong'ona, "Shemeji, geuka."

Nilinong'ona mara mbili. Kati yetu palikuwa na mita mia mbili.

Pigo la kwanza lilimpata sikioni. Darubini ile ni nzuri mno. Niliona taya likihama upande. La pili lilivunja mkono aliouinua. La tatu lilitua usoni akiwa ameshaanguka, na yule wa pili akamkanyaga shingo ili uso uzame topeni. Hapo ndipo nilipotoka mbio, darubini na miguu yake mitatu begani, nikamchapa nayo mnene kisogoni mpaka vioo vikamwagika. Nilimpiga akiwa chini. Nilimpiga mdomoni, nikiyataka meno, na niliyapata. Mwenzake alikimbia. Ndege wote walikuwa wameruka.

Hospitalini walimfunga shemeji taya kwa waya. Daktari alisema jicho la kushoto limekwenda, la kulia wanangoja. Dada alinikuta koridoni, shati langu lina damu ya watu wawili.

"Uliwaona wakija?"

"Niliwaona."

"Ukamwita?"

Ningeweza kudanganya. "Nilimwita polepole," nikasema. "Ndege wasiruke."

Dada hakulia. Alinikamata kola, akanivuta mpaka mdomo wake ukagusa sikio langu, akaliita jina la mumewe kwa nguvu zake zote, mara moja. Wauguzi wakatoka vyumbani.

Nyuma ya mlango wa mwisho wa koridoni, na taya lake limefungwa vile, shemeji aliitika.