Kupe Nyuma ya Sikio la Baharanyi

Djibril alikufa kwa homa, akitokwa damu puani na kwenye fizi, siku chache baada ya kuchuna nyati kwenye duka la Papa Baharanyi, mtaani Katoyi. Aliomba glavu, akaambiwa aache maringo. Msibani Baharanyi alileta gunia la mchele, akasema Mungu ndiye aliyepanga.

Sumaya, dada wa marehemu, alimsikia. Yeye ni daktari wa wanyama. Kazi yake ilikuwa kuzungukia wauza nyama ya pori, kuokota kupe kwenye ngozi za nyati na ngiri kutoka upande wa Rutshuru, wapelekwe kupimwa virusi. Alikuwa ameshamwonya Baharanyi awape wachunaji wake glavu, zaidi ya mara moja.

"Usigombane naye," mkuu wake, Dokta Akonkwa, alimsihi. "Akifunga mlango, wenzake wote watafunga. Tutabaki vipofu."

Basi Sumaya akaendelea kwenda. Alimsalimia Baharanyi kwa adabu, akainamia ngozi zake, na moyoni akamwombea mabaya.

Jumamosi moja duka lilijaa wateja. Baharanyi alipoinama kuchukua panga, Sumaya aliona kupe nyuma ya sikio lake, amevimba kwa damu. Alitamani kunyamaza, amwache anyonywe. Kisha likamjia jambo tamu zaidi.

"Papa Baharanyi, usijiguse!"

Akamng'oa kupe kwa kibano, akamwinua juu.

"Mumuone wote! Kupe kama huyu ndiye aliua ndugu yangu. Djibril aliomba huyu muzee glavu, akamunyima. Leo ni damu yake mwenyewe iko humu ndani."

Wateja walirudisha nyama mezani. Mama mmoja alitema mate, akatoka.

"Mutoto wangu, unaniua," Baharanyi alinong'ona.

"Bado. Enda hospitali. Kila asubuhi uangalie fizi zako."

Walimtenga hospitalini, akawa anaomba kioo kila anapoamka. Homa haikuja. Lakini aliporudi hakupata mnunuzi hata mmoja, akafunga duka. Wauza nyama wenzake nao wakaifukuza timu ya Sumaya.

"Umetutoboa macho," Akonkwa alimwambia.

"Najua, Dokta."

Miezi ilipita. Mchunga ng'ombe mmoja wa Kibumba akafa kwa homa ileile, na hakuna aliyejua imetoka kwa mnyama gani. Hilo lilimnyima Sumaya usingizi. La Baharanyi halikumnyima.