Saa ya Meneja na Mstari wa Paulina

Asije mtu akasema niliichukia saa ya Optatus. Niliipenda! Kabla yake tulisimamiwa na Lameck, aliyewapa shemeji zake mistari mizuri ya zabibu, na sisi wengine akatupa matusi. Optatus alipofika shambani Makutupora na shahada yake ya menejimenti, alitukusanya akatueleza kwamba zamani wakubwa waliongoza kwa kubahatisha na kufoka, kisha wakatokea watu wakaanza kupima: kazi inafanywaje, inachukua muda gani, nani anaiweza. Nilipiga makofi. Saa haina shemeji.

Akatuangalia wavunaji wote, akaona mkono wangu ndio mwepesi zaidi. Akaniita pembeni.

"Dada Jenifa, kesho nakupima rasmi. Muda wako ndio utakuwa standard. Atakayeshindwa kuufikia, hana kazi."

"Na mama Paulina je?"

"Data ndiyo itaamua, siyo mimi."

Mama Paulina ana nyonga mbovu. Ndiye aliyenifundisha kushika mkasi nilipotoka Kibakwe, nikiwa sijui hata kichala cha zabibu kinakatwa wapi. Leo mkono alioufundisha ndio umfukuze? Nilipandwa na hasira.

Pale shambani tuna desturi yetu. Anayemaliza mstari haketi. Anakwenda mwisho wa mstari wa aliyebaki nyuma, anavuna kumfuata mpaka wakutane. Hiyo Lameck aliikuta, na Optatus pia aliikuta, ila siku za kupima aliikataza.

Kesho yake akabonyeza saa kwenye simu. Sikujivuta hata kidogo. Mimi si mtu wa kuigiza uvivu. Nilivuna kama ninavyovuna, nikawa wa kwanza kufika mwisho.

"Safi sana!" Optatus akasema, kidole tayari kuzima.

"Usizime, meneja. Sijamaliza."

Nikaingia mstari wa Paulina kwa upande wa chini.

"Jenifa! Huo si mstari wako, unaniharibia vipimo!"

"Ulisema unapima kazi inavyofanywa. Hapa inafanywa hivi."

"Nitaandika umekataa kazi. Utaondoka leo."

"Andika."

Mwenzetu Lea naye akamaliza, akageukia mstari wa aliyebaki nyuma. Gladness akageuka. Optatus akakimbia huku na huku akisema mmoja mmoja, jamani, mmoja mmoja. Mikasi ikaendelea kukata.

Nilikutana na Paulina katikati ya mstari, jasho likimtiririka.

"Mwanangu, watakufukuza kwa ajili yangu."

"Shikamoo, mama. Hicho kichala cha mwisho ni chako."

Akakikata, akakilaza kwenye kreti taratibu. Shamba zima halikuwa na mtu aliyebaki nyuma. Nikamgeukia Optatus, aliyekuwa bado ameishika simu yake, namba zikikimbia.

"Sasa zima," nikamwambia. "Huo ndio muda wangu."